Niliongezewa damu London mwaka 1987, ini langu likoje sasa?

Swali: Nilijifungua kwa upasuaji nikaongezewa damu. Miaka yote hiyo sikuumwa kitu, halafu uzeeni ndo naambiwa nina homa ya ini C. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana kabisa dada, na wako wengi kama wewe. Kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989 na Uingereza walianza kupima damu zote za kuchangia Septemba 1991, kwa hiyo damu yako haikupimwa. Ini nalo halilalamiki mapema, linaumia polepole na kila penye jeraha linaweka kovu, miaka 20 au 30 inapita we unadhani uchovu ni kazi na umri.

Swali: Nimemeza vidonge wiki 12, kirusi hakuna tena. Mbona bado wananiita ultrasaundi kila miezi 6?

Jibu: Hapa naomba usome taratibu. Kirusi kuisha ni jambo moja, makovu ni jingine. Kama ini lilishafika sirosisi, yaani limejaa makovu hadi limekakamaa, hatari ya saratani inapungua sana ila haiishi, na uvimbe mdogo ukionekana mapema unatibika, ukichelewa ni shida kubwa. Ni dakika chache tu za jeli ya baridi tumboni, nenda tafadhali, hata kama unajisikia mzima. Muulize daktari makovu yako ni F ngapi, maana yanahesabiwa F0 (hakuna kovu) mpaka F4 (sirosisi), na wenye makovu kidogo mara nyingi hawahitaji kuitwaitwa.

Swali: Nilipima tena ikaja positivu!

Jibu: Usishtuke, hiyo ni antibodi, yaani kinga ambayo mwili uliitengeneza kupambana na kirusi, inabaki hata ukipona. Omba kipimo cha damu kinachoitwa PCR, ndo kinaonyesha kama kirusi kipo.

Swali: Pombe je?

Jibu: Ukiwa na sirosisi acha kabisa, hata glasi ya harusini. Mitishamba usinywe kabla hujamwambia daktari, mingine inaumiza ini. Ukiona macho ya njano, tumbo linajaa maji, unatapika damu au choo cheusi kama lami, hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Na wanangu?

Jibu: Kama damu uliwekewa baada ya mtoto kutoka, huyo hukumwambukiza tumboni. Waliozaliwa baada yake ndo wapime, hata kama sasa ni watu wazima wenye watoto wao.