Jasho Chini ya Tandiko: Kuchagua Chupi ya Kupandia Farasi Wakati wa Joto

Mwanafunzi akishuka farasini na kuanza kutembea kama kaa, simuulizi kimemsibu nini. Nasubiri tubaki wawili, kisha namuuliza amevaa chupi gani. Wengi huona haya. Huanza kulisingizia tandiko, na wapo wanaomsingizia farasi mwenyewe.

Ninafundisha kupanda farasi, lakini jambo hili nililidharau mpaka liliponikuta. Siku moja ya jua kali nilipanda kwa muda wa saa nne nikiwa na chupi mpya ya pamba, laini ajabu. Kabla hata ya nusu ya safari ilikuwa imelowa chapachapa. Baadaye nikawa nasimama kwenye vikuku vya kukanyagia kila nilipopata kisingizio, na jioni kukaa kitako ilikuwa adhabu.

Kosa halikuwa la pamba. Pamba inafanya kazi yake: inakunywa maji na kuyashikilia. Hata ukiiacha kabatini, huwa na unyevu wa asilimia 7 hadi 8 hivi ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ukitoka jasho, pamba inajaa na inakaa hivyo hivyo, imegandamana na mwili. Watu hudhani maji hulainisha mambo, kumbe ngozi iliyolowa hukwaruzana na kitambaa zaidi kuliko ngozi kavu. Sasa fikiria telki, ule mwendo wa farasi wa kukimbia polepole. Farasi hupiga hatua kamili zaidi ya 70 kwa dakika, na kila hatua hukurusha mara mbili. Robo saa tu, na pindo la chupi limeshapita juu ya ngozi ile ile mara elfu mbili.

Ndiyo maana wengi hukimbilia dukani kutafuta nguo ambayo lebo yake inasema "inapitisha hewa". Hapo nina ugomvi kidogo. Maneno hayo ni kweli kitambaa kikiwa kimeanikwa kambani. Wewe umekikalia. Chini yako kuna chupi, kuna suruali, kuna ngozi nene ya tandiko, na chini ya vyote kuna mnyama mwenye joto lake ambaye naye anatoka jasho. Hewa ya kupita hapo itatoka wapi?

Kwa hiyo swali ninalouliza ni hili: jasho la chini likishatoka, lina njia ya kuondoka? Poliesta karibu hailinywi kabisa, na nailoni hulinywa kidogo tu. Maji husafiri katikati ya nyuzi, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, mpaka yafike kiunoni na kwenye mapaja ambako upepo unapiga. Huko ndiko yanakokauka. Chupi nzuri ya kupandia, basi, ni ile yenye kitambaa cha matundu madogo madogo ubavuni na kiunoni, na kitambaa kizima, laini, kisicho na matundu pale unapokalia. Zipo zinazowekwa wavu mtupu kila mahali. Dukani zinapendeza, lakini baada ya saa moja juu ya tandiko utaweza kuhesabu matundu yake makalioni mwako.

Na usisahau suruali. Chupi inayosukuma jasho nje, juu yake ukavaa suruali nzito ya pamba, ni kama kumwaga maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa.

Kati ya poliesta na nailoni, mimi huchagua nailoni iliyochanganywa na spandeksi, ule uzi unaovutika. Poliesta hukauka haraka zaidi, lakini nailoni inastahimili msuguano, na huu ni mchezo wa msuguano. Poliesta pia hushika mafuta ya mwilini, na harufu huwa haitoki kirahisi. Sufu nyembamba ya kondoo wa merino hainuki upesi, nayo huficha unyevu mwingi kabla hujauhisi, ila hukauka polepole na hutoboka mapema pale pa kukalia. Kitambaa kinachouzwa kwa jina la mianzi mara nyingi ni viskosi, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa kuyeyusha mmea kwa kemikali, na viskosi ikilowa hupoteza nguvu. Niliachana nacho.

Lakini hata kitambaa bora kabisa kitakuumiza kama mshono uko mahali pabaya. Pitisha kidole ndani ya nguo ukiwa umefumba macho. Kila kinachoinuka, farasi atakionyesha. Mshono unaofaa ni bapa, kingo zimelazwa ubavu kwa ubavu badala ya kupandana. Usipite kwenye ile mifupa miwili ya makalio inayobeba uzito wako, wala usikatize kinena pale paja linapoungana na mwili. Chupi ya kawaida ina lastiki kwenye mstari huo huo, ndiyo maana napendekeza boksa inayoshuka mpaka katikati ya paja, kwa wanawake na wanaume. Iwe inabana bila kukata: ikipwaya itajikunja, na mkunjo ni mshono mwingine. Wanaume wahakikishe inashikilia vizuri. Aliyewahi kubanwa dhidi ya tandiko hahitaji maelezo. Wanawake watafute yenye kiraka kipana katikati, kisicho na mshono wa kati. Kiraka chembamba cha pamba hapo hakina ubaya kwa safari fupi.

Wapo wanaoazima kaptula ya baiskeli yenye sponji. Sponji ile imekatwa kwa ajili ya kiti chembamba cha baiskeli. Juu ya tandiko pana hukaa vibaya, hunywa jasho, na hukuzuia kuuhisi mgongo wa farasi.

Kabla ya kuamini nguo yoyote, idondoshee tone la maji upande wa ndani. Likitandaa haraka, vizuri. Likibaki duara kama umande kwenye jani, jasho lako nalo litabaki ngozini. Kisha ivae, kunja blanketi nene, likalie kama unavyokalia tandiko, ujirushe kwa dakika tano. Ni kichekesho, najua, funga mlango. Usiipeleke kwenye safari ndefu kabla ya kuijaribu kwenye somo fupi.

Ukishainunua, ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Dawa ya kulainisha nguo ikae mbali nayo, kwani huacha utando unaozuia maji kusafiri kwenye nyuzi, na dawa ya klorini pamoja na joto kali huua spandeksi. Ukiwa safarini, ikamue, iviringe ndani ya taulo kavu, likanyage taulo kwa miguu, halafu ianike penye upepo. Asubuhi itakuwa tayari. Na mara tu ukimaliza kumfungua farasi na kumpa maji, vua chupi iliyolowa. Fangasi wa mapajani hupenda joto na unyevu. Mimi huweka nyingine kavu kwenye mfuko ule ule wa brashi za farasi.