Hina haiwi nyeusi

Hapa Tanga, Ngamiani hadi Chumbageni, utasikia: hina ikitoka nyeusi tititi ndiyo iliyokolea. Sivyo. Jani la mhina lina rangi moja, losoni, nayo hutoka ya chungwa, kisha kwa siku 1 au 2 huiva ikawa hudhurungi. Kwenye weusi haifiki.

Ile nyeusi ni piko, rangi ya nywele. Mara nyingi ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele, isizidi asilimia 2. Kupakwa kwenye ngozi hairuhusiwi. Inababua. Nimeuona mkono wa bibi harusi, maua yote yameinuka malengelenge, yakifuata mchoro jani kwa jani. Na ngozi ikishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha, hata utakapotaka kuficha mvi uzeeni.

Makungwi wetu walijua kukoleza: unga mpya uliochekechwa vizuri, ndimu, kulala nayo usiku kucha, asubuhi kuibandua bila kukimbilia maji. Hayo binti huyapata kwa kukaa miezi kando ya mpakaji, akikoroga na kuchekecha kabla hajashika mkono wa mtu. Shoga, ukiambiwa itakolea kwa nusu saa, uliza kilichomo bakulini.