Ziwa si bahari: dhana zinazotoka Kisumu hadi Wasini

Mtu aliyekulia Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, humwambii kitu kuhusu maji. Akisikia wenzake wanachanga pesa za kwenda Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, kutazama samaki kwa miwani na mrija, atauliza: kwani kisiwa chetu cha Takawiri hakina mchanga mweupe?

Kinao, na ni pazuri. Lakini samaki wa matumbawe hawaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, na maji ya ghuba yetu yamejaa mwani na tope. Ukizamisha uso huoni mbali. Tena kuna kichocho. Wengi hudhani huambukizwa kwa kuyanywa maji, kumbe vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Kiboko sina haja ya kumtaja.

Dhana inayonikera zaidi ni ya vijana wetu mafundi: “Mrija ni mfupi, tuunganishe bomba refu tuzame chini kabisa.” Haiwezekani. Ukiwa mita moja tu chini, maji yanakibana kifua kiasi kwamba misuli inashindwa kuvuta hewa iliyo juu. Halafu pumzi uliyoitoa hubaki ndani ya bomba, nawe unaivuta tena, hewa chafu ikirudi mapafuni. Ndiyo maana mrija wa kawaida hauzidi sentimita 40 hivi. Umetengenezwa kwa mtu anayeelea kifudifudi, basi.

“Maji ya chumvi hayazamishi.” Yanakuinua zaidi kidogo kuliko ya ziwa, kweli, ila mtu akiingiwa na hofu akameza maji mawili matatu, chumvi haimsaidii. Vaa jaketi la kuokolea, hata kama ulivuka kwenda kisiwa cha Ndere kwa mtumbwi ukiwa darasa la nne. Kwa jaketi hilo asiyejua kuogelea pia anaweza kuelea na kutazama, mradi ashikwe mkono na mtembezi.

Jingine ambalo sisi wa ziwani hatulijui ni kupwa na kujaa. Ziwa halina bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kiasi. Pwani ya Kenya, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4, kwa hiyo mahali ulipoelea asubuhi unaweza kukuta mchana ni miamba mitupu. Msimu nao una neno: upepo wa kusi, kuanzia Aprili hivi, huchafua bahari; wakati wa upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji hutulia na kung'aa. Mabaharia wa Shimoni, wanakopakia watu wa kwenda hifadhi ya Kisite, wanazijua saa hizo. Wakisema tungoje, ngoja.

Matumbawe si mawe. Ni wanyama hai waliojengeana nyumba. Joto la bahari la 1998 liliua mengi katika pwani yetu, na yanayorudi hukua polepole. Usiyakanyage kwa kutafuta pa kupumzikia.

Ngozi nyeusi? Inaungua. Ukielea kwa muda wa saa mbili mgongo ukiwa juu, utalala kifudifudi usiku kucha. Ogelea na fulana.

Na baharia akikwambia uteme mate ndani ya miwani, hakutanii. Yasugue kwenye kioo, suuza kidogo, ukungu hautakusumbua.