Je, wajua? Ni sisimizi aliyewafanya simba wa Laikipia wahangaike na nyati

Mwaka 2003, katika hifadhi ya Ol Pejeta kaunti ya Laikipia nchini Kenya, asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba walikuwa pundamilia. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambaye mwanzoni hakuwamo kabisa kwenye hesabu hiyo, naye akafika asilimia 42. Na pundamilia bado wapo. Sasa kwa nini simba ajitafutie pembe za nyati?

Jibu limekaa mtini. Udongo mweusi wa Laikipia umejaa mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba shinani. Sisimizi wa kienyeji huitoboa miiba hiyo wakaishi ndani, na upepo ukipita kwenye matundu yake mti hupiga mluzi. Mti huwapa makazi na maji matamu yanayotoka kwenye majani. Wao hulipa kwa ulinzi. Tembo akinyoosha mkonga avunje tawi, wanammiminikia hadi ndani ya pua, penye ngozi laini, wanamng'ata. Mnyama wa tani kadhaa anaacha chakula kwa sababu ya mdudu wa miligramu chache! Mwaka 2010 watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer walionyesha kwamba tembo wachanga hukwepa matawi ya mgunga huo yakiwa na sisimizi, lakini sisimizi wakiondolewa, huyala bila wasiwasi.

Kisha akaja mgeni: sisimizi wa kichwa kikubwa, anayesambaa duniani akiwa amejificha kwenye mizigo na udongo wa mimea. Huyu hujenga ardhini. Hupanda mgunga, huua wenyeji, hula mayai na watoto wao, halafu yeye mwenyewe haulindi mti huo. Tembo wamelijua hilo. Maeneo aliyovamia, wanavunja miti mara tano hadi saba zaidi ya kwingineko.

Na hapo ndipo simba anapoingia. Yeye si mkimbiaji wa masafa, huvizia. Tembo wakishavilaza vichaka, pundamilia humwona angali mbali. Kundi la watafiti lililoongozwa na Mkenya Douglas Kamaru lilifuatilia simba jike waliovishwa mikanda ya GPS na kuchunguza mahali walipoulia, na mwaka 2024 likatangaza katika jarida la Science kwamba uwezekano wa pundamilia kuuawa ni karibu mara tatu zaidi pale ambapo mgeni hajafika.

Idadi ya simba haijashuka, kwa kuwa wamehamia kwa nyati. Lakini nyati ni mzito kuliko pundamilia, anapigana, na anaweza kumuua simba. Kumwangusha kunahitaji simba wengi zaidi. Wakati huohuo sisimizi wa kichwa kikubwa anaendelea kusonga mbele mgungani, kama mita 50 kila mwaka.