Kwa Nini Jenereta ya Wati 2,000 Hushindwa Kuwasha Kiyoyozi cha Wati 1,500?

Mtu ananunua jenereta ndogo ya kubebeka kwa ajili ya karavani yake, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Jenereta imeandikwa wati 2,000. Kiyoyozi kilicho juu ya paa kimeandikwa wati 1,500. Akitoa, anabakiwa na wati 500 za akiba. Anawasha jenereta, feni ya kiyoyozi inazunguka vizuri, anavuta kiti akae kivulini. Baada ya dakika chache kompresa nayo inataka kuingia kazini. Taa zinafifia, injini inakoroma kama imebanwa koo, taa nyekundu ya kuzidiwa inawaka, umeme unakatika. Ukikagua hutakuta kilichoungua wala kilichokatika, na vibandiko vyote viwili vilisema kweli.

Tatizo liko katika nusu sekunde moja. Ndani ya kompresa kuna mota, na mota ikiwa inazunguka, yenyewe huzalisha umeme unaosukuma kinyume na ule unaoingia. Msukumo huo wa kinyume ndio unaouzuia mkondo usizidi. Mota ikiwa imesimama tuli, msukumo haupo, na umeme unaingia bila wa kuuzuia isipokuwa ule upinzani mdogo wa nyaya zenyewe. Mkondo wa wakati huo kwa kawaida ni mara tano hadi saba ya ule ambao mota hutumia ikishashika mwendo. Ukichomeka karavani kwenye umeme wa gridi huoni kitu, labda taa kupepesa kidogo tu, kwa kuwa nyuma ya gridi kuna mitambo mikubwa isiyotikisika. Jenereta ndogo ina pistoni moja na gurudumu jepesi. Ikiombwa vyote hivyo kwa mkupuo, volti zinashuka. Volti zikishuka, mota inakosa nguvu ya kuondoka. Na mota isipoondoka, inaendelea kufyonza mkondo uleule mkubwa hadi jenereta ijikate.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana jenereta nyingi zina namba mbili. Moja ni uwezo wa muda mfupi, nyingine ni uwezo wa kudumu. Honda EU2200i, kwa mfano, inatoa wati 2,200 kwa muda mfupi, lakini kwa saa nyingi mfululizo inatoa 1,800. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni ni ile ya kwanza. Unapolinganisha jenereta, tafuta namba ndogo kwanza; ile kubwa itakusaidia pale kompresa inapoanza tu.

Vifaa vingine havina ujanja huu. Birika la umeme hula kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Maikrowevu ina mtego wa aina nyingine: wati 1,000 zilizoandikwa mlangoni ni za joto linaloingia kwenye chakula, ilhali kwenye soketi inavuta takribani 1,500. Taa, pampu ya maji na chaja ya betri ni mzigo mwepesi, na friji za karavani nyingi zinaweza kutumia gesi. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mtu asiyehitaji kiyoyozi asijisumbue na jenereta kubwa. Ya wati 2,000 itamtosha, mradi asichemshe maji huku maikrowevu ikizunguka.

Mwenye kiyoyozi ndiye mwenye kazi. Tuchukue kile cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza), ambacho ni cha kawaida juu ya karavani za Marekani. Ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua jenereta ya wati 3,000 na zaidi, ambayo kwa kawaida hukiwasha bila matata. Ya pili ni kuwa na mbili za wati 2,000 zinazoweza kuunganishwa kwa waya maalumu zikafanya kazi kama moja. Ya tatu, ambayo wengi hawaisikii hadi wameshanunua, ni kuiacha jenereta kama ilivyo na kuirekebisha ile nusu sekunde. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya kiyoyozi ili kuiamsha mota polepole badala ya kuiachia umeme wote kwa pigo moja. Kinaweza kupunguza mkondo wa kuanzia kwa nusu au hata zaidi, na mara nyingi jenereta iliyokuwa inagoma huwasha kiyoyozi kilekile bila hata kukohoa. Mimi ningeanza na njia hii ya tatu. Jenereta ya wati 2,000 ina uzito wa kilo ishirini na kitu, mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Jenereta kubwa itabidi uinyanyue, uilishe mafuta na uivumilie kelele zake miaka yote utakayokuwa nayo, kwa ajili ya nusu sekunde.

Lakini hata kifaa hicho kina mipaka, na mipaka yenyewe hujitokeza siku ile unayokihitaji kiyoyozi zaidi. Joto likizidi nje, shinikizo la gesi ndani ya kompresa hupanda, na mota inahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Wakati huohuo injini ya jenereta nayo inavuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi na ina oksijeni kidogo. Ukiwa mlimani ni zaidi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 2,400 umepoteza zaidi ya robo, na zile wati 1,800 za kudumu zimebaki kama 1,300. Unaweza kubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ili injini isitoe moshi mweusi huko juu, na ni vizuri ufanye hivyo, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Anayepiga kambi milimani apige hesabu ya mlimani kabla ya kununua.

Halafu kuna kosa la haraka. Kiyoyozi kimezimika, mtu anakiwasha palepale, jenereta inazidiwa, naye anailaumu. Kompresa ikisimama tu, gesi ya upande mmoja bado imebanwa, na mota inalazimika kuondoka huku ikisukuma ukuta. Subiri dakika tano hivi, pande mbili zisawazike, ndipo uwashe.

Utakutana pia na neno inveta, na bei yake itakushtua. Jenereta ya kawaida imefungwa kwenye mwendo mmoja: ili kutoa umeme wa hezi 60, yaani unaopiga mara 60 kwa sekunde, injini yake sharti izunguke mara 3,600 kwa dakika, na kwa hezi 50 mara 3,000, hata kama unachaji simu tu. Ya inveta huugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu kwanza, kisha saketi za kielektroniki huutengeneza upya kuwa mkondo geu ulio laini. Hapo injini haifungwi tena na hezi. Mzigo ukiwa mdogo inapunguza mwendo, inanong'ona na kunywa kidogo. Hiyo Honda niliyoitaja ina tangi lisilofika lita nne. Kwa robo ya mzigo linakwenda kama saa nane, kwa mzigo kamili saa tatu na dakika chache. Kambini, ambako jirani yako amelala nyuma ya ukuta mwembamba kama wako, nisingenunua aina nyingine.

Kelele yenyewe isome kwa tahadhari. Desibeli zinazotangazwa mara nyingi hupimwa umbali wa mita saba, jenereta ikiwa imebeba robo tu ya mzigo. Kiyoyozi kikiingia, namba hiyo imekwisha. Desibeli kumi za ziada masikioni ni kama sauti iliyozidi maradufu. Ukiwa mahali pa wazi, kila ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli sita hivi. Katika hifadhi za taifa za Marekani ni marufuku kuendesha jenereta inayozidi desibeli 60 ikipimwa umbali wa futi 50, yaani kama mita 15, kwa hiyo zile za kelele za maeneo ya ujenzi hujitenga zenyewe.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Petroli hupatikana popote ila ikikaa miezi kadhaa inachacha na kuziba kabureta; gesi ya propani haichachi, na karavani nyingi tayari zinabeba mtungi wake. Jenereta inayotumia vyote viwili ni rahisi kuishi nayo. Ila ikiwa kwenye gesi hutoa pungufu, mara nyingi kama sehemu moja ya kumi, na pungufu hiyo ikijumlishwa na mlima na joto, ile nusu sekunde inarudi tena.

Popote utakapoiweka, iwe nje na mbali. Moshi wake una kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kuitambua. Weka jenereta umbali wa mita sita au zaidi, bomba la moshi likielekea upande usio na madirisha wala matundu ya hewa, na upepo ukivuma kutoka kwenye karavani. Kingora cha gesi hiyo kiwepo ndani na betri yake iwe nzima. Chini ya karavani au kwenye buti la gari lililosimama ubavuni si mahali pa jenereta, hata mvua ikinyesha.

Upo mgomo mmoja usiohusiana na nguvu hata kidogo. Jenereta inanguruma vizuri, taa inang'ara, ila karavani inakataa kupokea hata wati moja. Baadhi ya karavani zina kifaa cha ulinzi kinachokagua kama waya wa nyutro (unaorudisha umeme) umeungana na wa ethi (wa usalama, wa ardhini) kwenye chanzo cha umeme. Jenereta nyingi za inveta hazijaunganisha waya hizo mbili, basi kifaa kinadhani kuna hitilafu na kufunga mlango. Dawa yake ni plagi ndogo maalumu inayounganisha nyutro na ethi, unaichomeka kwenye soketi mojawapo ya jenereta isiyotumika na karavani inapokea umeme. Itumike kwenye jenereta tu. Usiichomeke kamwe kwenye soketi ya nyumba.