Je, wajua kwa nini Bret Hart aligoma kupoteza pambano ambalo mshindi wake hupangwa?

Kila anayesikia kisa cha Montreal kwa mara ya kwanza huuliza swali hilo, na ana haki ya kuuliza. Kama mshindi wa mieleka ya televisheni anajulikana hata kabla watu hawajaingia ukumbini, watu wazima wanagombea nini? Ilikuwaje Bret Hart, bingwa wa mieleka, usiku wa tarehe 9 Novemba 1997 mjini Montreal, Kanada, baada ya pambano lake na Shawn Michaels, amtemee bosi wake mate usoni mbele ya watazamaji zaidi ya 20,000, kisha amfuatishie ngumi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu ya mkanda wa ubingwa ambao yeye mwenyewe alishakubali kuuacha?

Jibu liko kwenye jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni. Katika mieleka ya aina hii, anayetoa ushindi ni yule anayeshindwa. Bingwa akikubali kulazwa chali mpaka refa apige sakafu mara tatu, anampa mpinzani wake kipande cha jina alilolijenga kwa miaka. Miili yao inaumia kweli, lakini hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake atoe hicho kipande. Lazima akubali. Na akikubali kwa moyo mmoja, hata aliyeshindwa anaweza kuondoka akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Mfano mzuri ni wa Bret mwenyewe, miezi michache tu kabla ya Montreal. Tarehe 23 Machi 1997, kwenye onyesho kubwa la mieleka liitwalo WrestleMania 13, huko Rosemont, Illinois, alipambana na Steve Austin katika pambano ambalo lingeisha kwa mmoja kusalimu amri. Bret alimfunga Austin kwa mtindo wake maarufu wa Sharpshooter: miguu ya mpinzani inasokotwa, anapinduliwa kifudifudi, mgongo unakunjwa kwa nyuma. Austin, uso umejaa damu, alikataa kusalimu amri mpaka akapoteza fahamu. Kwenye rekodi Bret alishinda. Ukumbini, watu walioingia wakimzomea Austin walitoka wakimshangilia, na aliyeshangiliwa mwanzoni akatoka akizomewa. Kushindwa kule ndiko kulikomfungulia Austin njia ya kuwa nyota mkubwa kuliko wote wa kizazi chake. Bret alijua kabisa alichokuwa akikifanya usiku ule, na alikifanya kwa hiari.

Sasa rudi kwa Shawn Michaels, na utaona kwa nini kumpa huyo ushindi kulikuwa kugumu kwa Bret.

Bret alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1957, katika nyumba ambayo mieleka ilikuwa kazi ya ukoo. Baba yake, Stu Hart, aliendesha shirika la mieleka la Stampede na kuwafunza vijana kwenye chumba cha chini ya nyumba yao. Bret alilelewa kuamini kwamba bingwa ana heshima, kwamba mwili wa mwenzako ulingoni ni amana mikononi mwako, na kwamba deni hulipwa: leo nimekupa ushindi, kesho nawe utanipa. Michaels, mzaliwa wa Arizona aliyekulia San Antonio, Texas, alikuwa na kipaji ambacho hata maadui zake hawakukikana, lakini miaka ile alikuwa mtu mgumu kufanya naye kazi. Yeye mwenyewe amelisema hilo hadharani baadaye.

Tarehe 31 Machi 1996, kwenye WrestleMania XII, Bret alimpa ubingwa Michaels baada ya pambano la dakika 60 lililoongezewa muda. Kwa hesabu ya Bret, deni lilikuwa limeandikwa. Alitarajia kurudishiwa mwaka uliofuata. Lakini Februari 1997 Michaels alisimama mbele ya kamera, akasema goti limeumia na kwamba amepoteza tabasamu lake, akaukabidhi mkanda na kwenda zake nyumbani. Bret aliamini kwamba mwenzake amekwepa kushindwa naye. Kuanzia hapo maneno yaliyotungwa kwa ajili ya televisheni yakaanza kuchanganyika na chuki halisi. Michaels alitoa hewani dokezo kuhusu maisha ya ndoa ya Bret ambalo halikuwa kwenye mchezo wowote, na Juni 1997 huko Hartford wawili hao walishikana nyuma ya jukwaa kweli kweli, nywele zikang'olewa. Kwa maelezo ya Bret, Oktoba mwaka huo alimwambia Michaels kwamba yuko tayari kumwachia mkanda ikihitajika, naye akajibiwa kwamba yeye Michaels asingefanya hivyo kwake. Kwa mtu aliyelelewa nyumbani kwa Stu Hart, sentensi hiyo ilitosha kufunga mlango.

Hayo ni ya watu wawili. Kulikuwa na la tatu, nalo ni fedha.

Mieleka ya miaka ile iliishi kwa maonyesho ya kulipia. Kila Jumatatu watu walitazama kipindi cha wiki kwenye televisheni, ugomvi ukapikwa polepole, matusi, usaliti, viti vya chuma mgongoni. Kisha Jumapili moja ya mwezi, aliyetaka kuona mwisho wake alilipia kebo ili pambano lifunguliwe nyumbani kwake. Survivor Series ilikuwa moja ya hizo, ikifanyika kila Novemba tangu 1987. Ugomvi ndio uliouza. Na ugomvi unaouzika zaidi ni ule ambao mtazamaji anashuku kwamba ni wa kweli, kwa hiyo kuwakutanisha Bret na Michaels mjini Montreal, mbele ya Wakanada ambao kwao Bret alikuwa shujaa wa taifa, ilikuwa biashara isiyohitaji matangazo mengi.

Mwenye biashara alikuwa Vince McMahon, mmiliki wa WWF, shirika ambalo tangu 2002 linaitwa WWE. Wakati ule alikuwa anapigwa vibaya na WCW, shirika la tajiri wa televisheni Ted Turner. Tangu katikati ya 1996 kipindi cha WCW, Nitro, kilikuwa kikiishinda Raw ya McMahon kila Jumatatu, wiki baada ya wiki. Mwishoni mwa 1996 WCW ilimtaka Bret kwa fedha nyingi; akakataa, akatia saini mkataba wa miaka 20 na McMahon. Mwaka haukupita, McMahon akamwita na kumwambia hawezi kuutimiza, na kwamba aende kuongea na WCW. Naona wengi wanaosimulia kisa hiki wanaruka hapa haraka mno. Bret hakukimbia. Aliambiwa aondoke. Mwanzoni mwa Novemba 1997 akasaini na WCW, huku mkanda wa WWF ukiwa bado kiunoni mwake tangu Agosti, alipouchukua kwa mpiganaji aitwaye Undertaker.

McMahon alikuwa na sababu ya kuogopa. Desemba 1995 bingwa wa wanawake wa WWF, Alundra Blayze, alihamia WCW na kuutupa mkanda wa WWF kwenye pipa la takataka, moja kwa moja hewani. Mkanda wa wanaume kutupwa namna hiyo ungekuwa msiba. Kwa hiyo aliutaka urudi mapema, na aliutaka kwa Michaels, na aliutaka Montreal.

Bret naye alikuwa na kifungu kwenye mkataba wake kilichompa kauli kuhusu namna atakavyotumiwa katika siku zake 30 za mwisho. Alisema: nitamwachia mtu mwingine, au nitauacha mahali pengine, lakini si kwa mtu huyu, na si ndani ya Kanada. Hakuna alipodai abaki bingwa au aondoke na mkanda. Mchana wa siku ya pambano wakaafikiana. Pambano lingevurugika kwa wenzao kuingilia, lisiwe na mshindi halali, na kesho yake, kwenye Raw mjini Ottawa, Bret angeukabidhi mkanda kwa heshima na kuwaaga watu. Mazungumzo hayo yalirekodiwa, kwa sababu Bret alikuwa amevaa kinasa sauti cha watu waliokuwa wakitengeneza filamu juu ya maisha yake. Sauti ya McMahon akikubali ipo mpaka leo.

Waliokuwa karibu na Bret walihisi kitu na wakamwonya awe macho. Bret alimwamini refa, Earl Hebner, rafiki yake wa muda mrefu, ambaye kwa maelezo ya Bret alimwapia kwa watoto wake kwamba hatamgeuka.

Ukiipata video ya pambano lile, usitazame wapiganaji peke yao. Wamepigana karibu dakika 12, sehemu yake ni vurugu nje ya ulingo. Michaels amekwisha kuidhalilisha bendera ya Kanada na ukumbi unawaka. McMahon, ambaye kwa kawaida watu walimjua kama mtangazaji tu, yuko kando ya ulingo, amesimama, na hilo peke yake si la kawaida. Michaels anamfunga Bret kwa Sharpshooter, mtindo wa Bret mwenyewe. Hii ilikuwa sehemu ya mpango: Bret angejinasua na kuugeuza. Unaona mkono wake ukinyoosha kutafuta mguu wa Michaels. Hajasalimu amri, hajapiga sakafu, hajasema neno. Hebner anainuka na kumwashiria mpiga kengele. McMahon anafoka igongwe, tena kwa tusi. Kengele inalia. Sekunde chache baadaye Bret anakamilisha alichopangiwa, anaukamata mguu, Michaels anaanguka, lakini pambano limekwisha. Muziki wa Michaels unapigwa na Hebner ameshatoka mbio kuelekea gari lililokuwa likimsubiri.

Bret alikaa hapo chini kidogo akiangalia. Kisha akasimama, akamlenga McMahon, akatema. Matangazo yalikatwa haraka, lakini waliokuwa ukumbini waliona yaliyofuata: Bret akivunja runinga za watangazaji, ndugu yake Owen na mashemeji zake wakija kumtuliza, naye akizunguka ulingo na kuandika hewani kwa kidole herufi tatu, W, C, W. Nyuma ya jukwaa Undertaker, aliyeheshimiwa na wenzake kuliko mtu yeyote pale, alikwenda kumtaka McMahon atoke ofisini akaongee na Bret. McMahon alipoingia chumbani, Bret alimwambia atoke kabla yeye Bret hajamaliza kuoga, vinginevyo atapigwa. McMahon hakutoka. Akapigwa ngumi moja, akaanguka. Michaels aliapa mbele ya Bret kwamba hakujua lolote. Miaka kadhaa baadaye alikiri kwamba alijua.

Swali la nani alikuwa na haki limegawanya wapenzi wa mieleka mpaka leo. Wanaomtetea McMahon husema mkanda ni mali ya kampuni, na bingwa anayehama anapaswa kuupoteza kwa anayebaki, kama ilivyo desturi. Desturi hiyo ipo kweli na ina maana. Lakini mimi naona hoja yao inaangukia palepale inapoanzia, kwa sababu desturi inadai makubaliano, na McMahon alikuwa ameshayatoa. Angeweza kusema hapana mchana ule. Angeweza kumnyang'anya mkanda hadharani na kubeba lawama. Badala yake alimwingiza mtu ulingoni, mwili wake ukiwa mikononi mwa mpinzani, kwa ahadi aliyokusudia kuivunja. Kuuachilia mwili wako ndani ya Sharpshooter ni tendo la imani. Ndilo lililotumika dhidi yake.

Na kampuni ilifaidika, hilo halikwepeki. McMahon alitokea kwenye Raw wiki iliyofuata, jicho lina alama, akasema sentensi ambayo mashabiki hawajaisahau: Bret ndiye aliyemponza Bret. Watu walimchukia kwa dhati, naye akaigeuza chuki hiyo kuwa kazi. Akawa bosi mwovu wa televisheni, adui wa Steve Austin, na ugomvi wao ukawarudisha watazamaji. Aprili 1998 Raw iliishinda Nitro kwa mara ya kwanza tangu 1996. Machi 2001 McMahon aliinunua WCW yenyewe.

Bret aliumia kwa namna nyingi. WCW haikujua la kumfanyia. Mei 1999 ndugu yake Owen, aliyekuwa amebaki WWF, alikufa Kansas City alipoanguka kutoka juu wakati akishushwa ulingoni kwa kamba kwenye onyesho la kulipia, na onyesho likaendelea. Desemba mwaka huohuo teke la Goldberg, mpiganaji mwenzake wa WCW, lilimpa Bret jeraha la ubongo lililomaliza kazi yake. Mwaka 2002 akapata kiharusi.

Tarehe 4 Januari 2010, mjini Dayton, Ohio, Bret alirudi Raw na kumwita Michaels ulingoni. Wakaongea, wakashikana mikono, na Michaels, badala ya teke ambalo wengi walilitarajia, akamkumbatia. Machi mwaka huo, kwenye WrestleMania XXVI, McMahon mwenye umri wa miaka 64 alifungwa kwa Sharpshooter na akasalimu amri mbele ya dunia, kwa hiari yake. Hata hivyo kwa miaka mingi kila Michaels aliporudi Montreal, ukumbi ulimwimbia uso kwa uso kwamba alimdhulumu Bret.