Si safura: damu inavunjwa
Mtoto alipata mafua, yakapoa. Wiki mbili baadaye viganja vimepauka, macho yamepiga manjano, mkojo kama chai ya rangi. Barazani, Wete au Mkoani, husikii jengine: "Safura hiyo. Mpeni mchicha na juisi ya rozela, damu itarudi."

Ushauri wa upendo, ila hapa haumo. Safura ya minyoo au ya kukosa madini ya chuma huja polepole, wala haileti macho ya manjano. Mtoto huyu hakosi cha kutengenezea damu. Damu yake inavunjwa. Kinga ya mwili, baada ya kupigana na virusi, mara chache hupotea njia ikatoa kingamwili zinazozishika chembe nyekundu za mwili wenyewe. Chembe ambayo ingeishi siku 120 hivi huangamizwa ndani ya siku chache tu, nyingi kwenye bandama, na umanjano ule ni mabaki yake. Mchicha utafanya nini hapo?

Malaria, selimundu na upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu) nazo huvunja damu, kwa hiyo hupimwa, hazikisiwi. Kipimo cha kuzinasa kingamwili hizo kinaitwa Coombs. Mara nyingi tiba huanza na steroidi, dawa za kuituliza kinga ya mwili, kama prednisoloni. Akizidiwa huongezewa damu, na kuilinganisha damu hiyo maabara huwa kazi kwelikweli. Watoto wengi hupona kabisa. Lakini akianza kuhema au kulegea, msingoje kukuche.